Kidonda Kilichonukia Maua

Majira ya machipuko yakifika hapa Nabeul, Tunisia, mtaa wetu mzima hunukia. Kila jiko lina chungu cha shaba cha kukenekea maji ya maua. Wengi hukeneka maua ya mchungwa. Bi Manubia, jirani yangu wa ukuta mmoja, hukeneka atarshia. Huo ni mmea wa pambo. Majani yake yanakwaruza, na ukiyasugua kidoleni hunukia kama waridi. Manubia ameupanda uani, dirishani, hata kwenye makopo mabovu ya rangi.

Huyachemsha majani. Mvuke hupita kwenye bomba, hupoa, na maji hudondoka tone kwa tone. Maji hayo huyatia kwenye chupa kubwa ya marehemu mama yake, iliyovishwa ukindu. Mdomo wa chupa huufunika kwa kitambaa, ati maji yapumue. Chupa yenyewe haijawahi kuoshwa. Kila mwaka maji mapya humiminwa juu ya yale ya zamani.

"Ukiiosha unafukuza baraka," Manubia husema.

Na maji hayo kwake ni dawa ya kila kitu, jamani! Anatengeneza vileja vya lozi, atarshia. Kichwa kinauma, atarshia. Mtoto wa jirani kaanguka, atarshia. Mumewe, Hedi mfinyanzi, humtania kila siku.

"Nikifa mimi, huyu mwanamke hatalia," husema. "Atanimwagia atarshia, akae angoje niamke."

Hedi ana kisukari. Vidonge humeza akikumbuka. Mwaka huo alitokwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Hakuchechemea, kwa sababu hakikumuuma.

Kila asubuhi alikaa uani, mkewe akamwosha. Manubia alibana pamba kwenye mdomo wa chupa, akaipindua chupa, kisha akafuta kidonda. Pamba ileile akairudisha kwenye mdomo wa chupa, akapindua tena. Halafu akafunga mguu kwa kitambaa.

"Hakimuumi hata kidogo," alituambia kwa majivuno. "Na harufu yake je? Njoo unuse, jirani."

Nilinusa. Ni kweli, mguu ule ulinukia maua.

Jumapili moja Emna alikuja kula kuskusi. Emna ni binti wa kaka yake Manubia. Anafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Tulipomaliza kula, aliomba majani ya atarshia.

"Ya nini?" Manubia aliuliza. "Wewe hata yai hujui kukaanga."

"Ya kazini, shangazi. Tunapima mimea ya mapambo. Tunataka kujua ipi ina kitu cha kuua bakteria, wale vijidudu wanaoozesha vidonda."

Manubia alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wanapima! Bibi yako aliyajua hayo kabla mama yako hajaota meno. Hedi, toa mguu mtoto aone!"

Hedi aliinua mguu uliofungwa kitambaa. Emna alisogea karibu.

"Umefanya nini, baba Hedi?"

"Kamchubuko tu. Viatu."

"Umekwenda hospitali? Mwenye kisukari hapuuzi jeraha la mguu, hata dogo."

Uso wa Hedi ulibadilika. Utani wote ulimtoka.

"Rafiki yangu Salah alipanda kitanda cha hospitali na miguu miwili," alisema. "Akashuka na mmoja. Mimi gurudumu langu la kufinyangia nalizungusha kwa mguu huu, binti. Huu wa kulia. Wakiukata, sina kazi, na mimi bila udongo si mtu. Hospitali siendi."

"Ndiyo maana uende mapema..."

"Siendi!"

Manubia aliingia kati. "Mnabishania nini? Emna, pima na maji yangu. Yakishindwa, mimi mwenyewe nitamburuta huyu mzee hadi hospitali. Yakishinda, wewe na madaktari wako mtanyamaza. Jirani ni shahidi."

"Umesema, shangazi?"

"Nimesema!"

Emna alichuma majani. Maji aliyachukua kwa kijichupa safi alichotoka nacho kazini. Akatuambia tuje maabara Jumatano.

Siku hiyo Manubia alivaa kama anayekwenda harusini. Alibeba sahani ya vileja vya kusherehekea ushindi. Mlangoni Emna aliipokea akaiweka nje.

"Humu hakuliwi kitu, shangazi."

"Kwani kuna uchafu?"

"Kuna bakteria. Tunawafuga."

"Wanafuga vijidudu!" Manubia alininong'oneza. "Watu wazima na akili zao!"

Emna alituombea ruhusa kwa mkubwa wake, akatukalisha. Alileta kisahani cha plastiki chenye mfuniko. Ndani mlikuwa na kitu kama jeli iliyoganda.

"Hiki ni chakula cha bakteria," alisema. "Juu yake nilipaka bakteria wa vidonda. Kisha nikaweka vijikaratasi vinne vya duara. Cha kwanza kina dawa ya hospitali. Cha pili kina maji ya majani yako, niliyoyaloweka kwenye spiriti. Cha tatu kina spiriti peke yake, tusije tukayasifu majani kwa kazi ya spiriti. Cha nne kina maji ya chupa yako."

"Sasa mshindi anajulikanaje?" niliuliza.

"Bakteria wakiota, jeli inafunikwa na weupe. Dawa ikiwaua, kuzunguka kijikaratasi panabaki wazi kabisa, safi, mpaka unaona upande wa pili."

Manubia alivaa miwani yake. Kuzunguka dawa ya hospitali palikuwa na duara kubwa safi. Kuzunguka majani palikuwa na duara pia, dogo, upana wa ukucha. Kwenye spiriti hapakuwa na kitu.

"Majani yameua!" Manubia alipiga vigelegele humo humo maabara. "Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi?"

"Majani, ndiyo," Emna alisema taratibu. "Tazama cha nne, shangazi."

Tulitazama. Kijikaratasi cha nne kilizungukwa na bakteria pande zote. Hapakuwa na duara. Hapakuwa na hata uzi wa usafi.

"Umekosea," Manubia alisema.

"Nimerudia, shangazi. Ni vilevile."

"Basi maji yangu hayaui. Sawa. Lakini hayadhuru."

Emna alileta kisahani kingine. Loo! Jeli yote ilikuwa imefunikwa na ute wa kijani, mzito, kama maji ya bwawa lililosahauliwa.

"Astaghfirullahi! Hiki kimetoka kwa mgonjwa gani?" Manubia aliuliza.

"Hiki sikukipaka bakteria hata mmoja," Emna alisema. "Kilikuwa safi. Nilitia tone la maji ya chupa yako, basi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama Manubia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Maji yale yanachemka," alisema. "Yanakuwa mvuke, Emna! Kijidudu gani anapanda mvuke?"

"Hakuna. Yanapotoka kwenye bomba ni safi. Baada ya hapo yanakwenda wapi?"

"Kwenye chupa ya mama."

"Chupa inaoshwa?"

Manubia alitikisa kichwa.

"Inafunikwa na nini?"

"Kitambaa."

"Vumbi na vijidudu vinapita kwenye kitambaa. Na maji mapya ukiyamimina juu ya ya zamani, unawaongezea vijidudu pa kuishi. Sasa niambie, kidonda unakioshaje?"

Manubia aliinua mkono wake wa kulia, akakunja vidole kama aliyeshika pamba. Aliusogeza mbele, akaurudisha. Mkono ukabaki hewani.

"Pamba," alisema. "Pamba ileile. Kidondani, chupani. Chupani, kidondani. Ya Rabi, nimefanya nini?"

Alishika mkono wa Emna kwa nguvu.

"Lakini majani yameua! Nimeona kwa macho yangu. Nitayatwanga mabichi, nimbandike leo hii."

"Hapana, shangazi! Nisikilize. Hata klorini ya kusafishia choo inaua bakteria kwenye kisahani. Utammiminia kidondani? Kisahani hakina nyama wala damu. Hatujui kitu hicho cha kwenye majani kinafanya nini mwilini, wala kipimo chake ni kipi. Huu ni mwanzo wa kupima. Huenda baada ya miaka ikapatikana dawa, huenda isipatikane. Mguu wa baba Hedi hauwezi kungoja."

Kisha Emna alikunja uso kama aliyekumbuka jambo.

"Kidonda kile kina harufu gani?"

"Ya maua. Wewe si umenusa?"

"Chenyewe, shangazi. Bila maji yako."

Manubia alimtazama.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kukinusa bila maji."

Emna alichukua mkoba wake. Vileja tuliviacha palepale mlangoni.

Tulimkuta Hedi uani, anapaka rangi sinia. Emna alivaa glavu, akafungua kitambaa. Aliosha mguu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Aliosha polepole mpaka harufu ya atarshia ikaisha yote.

Ndipo ilipokuja ile nyingine.

Mtume! Nilirudi nyuma mpaka nikagonga ukuta. Kidonda nilichokidhani kamchubuko kilikuwa shimo. Nyama ya ndani ilikuwa nyeusi, na pembeni usaha wa kijani.

Hedi alikuwa bado ameshika burashi yake. Alinusa huku na huku.

"Nini kimekufa humu?" aliuliza. "Paka tena kwenye paa?"

Alimtazama Emna, akanitazama mimi, akamtazama mkewe.

"Ni mimi?" aliuliza.

Manubia alipiga magoti, akamvisha kiatu cha kushoto, cha kulia akakitia kwenye mfuko. Alikuwa akilia waziwazi.

"Nilisema nitakuburuta," alisema. "Inuka, mume wangu."

"Manubia, gurudumu langu..."

"Inuka!"

Hospitalini daktari alikuwa mama mmoja mfupi, asiyecheka. Alipokwisha kukagua kidonda alikitaka kiatu cha kulia. Manubia alikuwa nacho kwenye mfuko. Daktari alikipindua, akakikung'uta mezani.

Kikaanguka kigae cha chungu, chenye ncha kali.

"Umetembea nacho tangu lini?" daktari aliuliza.

"Nacho nini?" Hedi alisema. Akakitazama kigae kile kama nyoka. "Mimi sikusikia kitu! Wallahi sikusikia!"

"Ndiyo hatari yenyewe. Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaua hisia za miguu. Wengine wakikanyaga kigae wanapiga kelele. Wewe ulikikanyaga siku nzima ukaendelea kufinyanga. Kutouma si kupona, mzee. Na mnapaka nini hapa?"

Manubia alijibu mwenyewe. Hakuficha kitu, na pamba aliitaja.

"Mngechelewa kidogo tu, ningekata chini ya goti," daktari alisema. "Sasa tutajaribu kuuokoa."

Walimtoa kidole gumba. Walikwangua nyama iliyooza, wakampa dawa za mishipani. Zile siku za kungoja sisahau. Kila asubuhi Manubia aliuliza swali moja tu: "Mguu upo?" Hakuuliza lingine. Na kila asubuhi muuguzi alijibu, "Upo, mama."

Ukabaki.

Hedi alijifunza upya kuzungusha gurudumu. Vyungu vyake vya kwanza vilipinda. Tulivinunua hivyo hivyo, naye akatutukana kwa kumhurumia. Siku hizi vidonge humeza kila siku, na sukari hupima. Kiatu hakivai kabla ya kukikung'uta na kupitisha mkono ndani.

Manubia hakuacha kukeneka. Nani angemzuia? Lakini sasa huchemsha chupa ndogo, huzikausha, huzijaza maji mapya na kuzifunga vizibo. Ile chupa ya mama yake ipo juu ya kabati, tupu. Mtu akija kununua, humwambia kabla hajauliza:

"Haya ni ya vileja na ya kunukia. Ukiwa na kidonda, osha kwa maji safi na sabuni, uende zahanati. Na ukiwa na kisukari, usingoje mpaka kidonda kianze kuuma."

Wiki iliyopita nilipita kwao jioni kuazima ungo. Hedi alikuwa amekaa uani, mguu wake uko kwenye mapaja ya mkewe. Manubia alikagua unyayo na katikati ya vidole vyote vilivyobaki. Halafu aliinamisha uso, akanusa.

"Je?" Hedi aliuliza. Hakuwa na utani hata chembe.

Manubia alinusa tena, asiwe amekosea.

"Unanuka mguu," alisema. "Alhamdulillahi, mume wangu. Unanuka mguu."