Maji ya Kibanda cha Tatu

Mtungi wa kibanda cha tatu ulikutwa mtupu, na kifuniko kimekazwa vilevile.

"Umevuja," Fahad alisema.

"Chini ni kukavu, boss," akajibu Ben Kilonzo, kiongozi wao wa njia. "Hata mchwa hawajaonja hiyo maji."

Hasina, mkewe Fahad, alikuwa akimimina chai. Akaimwaga nje ya kikombe.

Ukiitazama milima ya Chyulu kutoka Kambu utaapa kuna mito kule juu, kwa kijani kile. Hakuna. Mvua yote humezwa na mawe, na anayepanga kutembea siku kadhaa, kibanda hadi kibanda, hana budi kutanguliza maji kwa punda. Ndivyo Fahad, muuza vipuri, alivyopanga safari ya kwanza ya wageni, yeye na mshirika wake Yvonne. Vibali vilikuwa mlima wa peke yake: ofisi ilitaka barua ya chifu, chifu akataka barua ya ofisi kwamba inataka barua yake, na karani mmoja akauliza, kwa uzito wote wa cheo chake, kama wageni wakishafika watakuwa wamekwenda wapi.

Ofisi hazikumuudhi Hasina. Yvonne ndiye. Yvonne wa kwaya, mwenye miguu mirefu na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara kuu, aliyemwita mume wa mtu "Kapteni".

"Kapteni, kibanda cha tatu kuna baridi! Usisahau blanketi!"

Basi Hasina akaenda Mwingi kwa Mwalimu Bilal, akaandikiwa kombe: maneno ya zafarani kwenye sahani nyeupe, yakaoshwa kwa marashi. Atakayelinywa asimwone mwanamke mwingine, asitulie ila kwa Hasina. Angeweza kulitia kwenye chai, yakaisha. Lakini wivu hujiona una akili: dawa ifanye kazi kule kule kwenye baridi na blanketi. Akalimimina kwenye mtungi wa kibanda cha tatu, punda akaubeba.

Jioni ile Ben alipoondoka, nyumba ilianza kunuka udongo uliolowa, na Kambu ilikuwa haijaona tone tangu mbaazi zikauke shambani. Fahad aliinua gilasi. Ilipofika mdomoni ilikuwa kavu.

"Nimekunywa saa ngapi?" akacheka, akajimiminia nyingine. Nayo vilevile.

Wiki haikuisha midomo yake ikapasuka. Kwenye zahanati alitundikiwa dripu, Hasina ameketi kando amemshika mkono. Chupa ikaisha na mkono wa mgonjwa haujapata kitu, na muuguzi akaandika kwamba mgonjwa hashirikiani na matibabu. Wakarudi nyumbani.

Hasina alijifungia bafuni, akapiga simu.

"Mwalimu, lile kombe..."

"Alilinywa nani?"

"Hakuna mtu," alinong'ona. "Lilikaa mlimani. Kibanda kitupu."

"Binti yangu, nani alikwambia kilikuwa kitupu?"

"Mfukuze huyo jini aliyelinywa, Mwalimu, nakuomba."

"Nimfukuzeje aliyeitwa kwa jina lako? Amefanya ulivyotaka: hamwoni mwingine ila wewe. Na ana wivu kukushinda. Mumeo akiwa kwako, hatameza. Mtoe nyumbani. Kwa mdomo wako, yule naye asikie."

Nyuma ya mlango wa bafu mtu alikohoa taratibu, kama mume anayengoja zamu yake.

Hasina akampigia Yvonne. "Njoo umchukue Kapteni wako."

"Shemeji, nimekosa nini?"

"Njoo tu. Njoo na maji."

Yvonne alifika jua lingali juu. Hasina akamkokota mumewe hadi mlangoni, mwepesi kama ganda la mahindi, na kila hatua ile harufu ya udongo ilizidi, na pumzi baridi ikamtua shingoni na kutulia hapo, ikimfuata bila haraka, na vidole asivyoviona vikamrekebishia mtandio kichwani kwa upole ambao Fahad hakuwahi kuwa nao, hata akatamani avutwe, apigwe, lolote, kuliko kupendwa vile.

"Hasina," Fahad akasema kwa sauti ya makapi, "umenichoka?"

"Nenda. Sikutaki."

Pale garini Yvonne alimshika kidevu, akamnywesha chupa. Fahad akameza, funda la kwanza, la pili. Maji yakamchuruzika, na Yvonne akayafuta kwa kiganja, polepole. Hasina akaona. Ule moto wa zamani ukampanda kifuani, na papo hapo Fahad akaitikisa chupa, akaigeuza juu chini.

"Imeisha," Yvonne alisema, haelewi. "Ilikuwa imejaa!" Akafungua nyingine.

Hasina alielewa. Hakufuata mkono wa Yvonne kwa macho tena. Aligeuka akaikabili nyumba yake, akafunga mlango nyuma yake, na kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa mtu mmoja tu duniani akasema, "Haya. Niko hapa."

Huko nje akamsikia mumewe akinywa, akinywa, bila kukatika.