Kichwa Si Redio

Fundi redio alikuwa na bisibisi mkononi, na bado akaitafuta.

"Mama watoto, umeiweka wapi bisibisi yangu?"

"Angalia mkononi, mume wangu."

Akaangalia. Akacheka, lakini macho hayakucheka.

Kiharusi kilikuwa kimempiga. Miguu ilirudi, mkono ukarudi. Kumbukumbu ndiyo iliyobaki njiani. Redio za watu zikajaa vumbi mezani, na mkewe akawa analia jikoni, kimyakimya.

Siku moja fundi alisikia kwamba hospitali ya rufaa wanatibu ubongo kwa umeme. Mkewe aliporudi kutoka sokoni, alimkuta amejibandika nyaya mbili kwenye paji la uso, anatafuta betri.

"Ala! Unataka kujiua?"

"Umeme ndio kazi yangu. Nipange foleni ya nini?"

Mke akazing'oa zile nyaya, akamwita jirani yao muuguzi.

"Shemeji," jirani alisema, "kichwa si redio."

"Kweli. Redio ina adabu. Ukiifungua, inakuonyesha palipoungua."

Wakacheka. Kisha jirani akaketi.

"Kule hospitali hawapasui kichwa. Umeme ni mdogo sana, unapimwa na mashine, unapita kwenye sponji zilizoloweshwa. Wakati huohuo wewe unafanya mazoezi ya kukumbuka. Lakini kwanza daktari akupime. Mwenye kifafa au chuma kichwani huenda asifae. Hii betri yako itakuunguza, au ikuletee makubwa zaidi."

"Nitapona?"

"Sikudanganyi, shemeji. Wataalamu bado wanachunguza. Wengine hupata nafuu, wengine hawaoni tofauti. Na dawa ya presha usiiache."

Mke akasema taratibu, "Twende. Hata nafuu ya kijiko tutaipokea."

Daktari alimpima, akamkubali. Fundi akavishwa kichwani mkanda wenye zile sponji. "Unatekenya kama chawa," alisema, huku akitaja vifaa alivyoonyeshwa kwenye picha. Nyumbani, mkewe alikipa kila kifaa mahali pake, na mazoezi wakayaendeleza pamoja.

Mengine hayakurudi. Jina la mjukuu bado humponyoka.

Lakini asubuhi moja fundi aliweka bisibisi kando, akapuliza vumbi ndani ya redio. Mkewe, mlangoni, akajiandaa kujibu. Swali halikuja. Mkono wa fundi ulikwenda moja kwa moja, ukaichukua bisibisi.

Ilikuwa ile mashine, au mazoezi, au vyote? Mke hakujua. Alibaki na jibu lake mdomoni, akalimeza, na safari hii lilikuwa tamu.