Doa kwenye Kochi Jeupe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lusia alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kuwasha moto na kufuta vumbi kwenye kochi. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomchosha. Aliliondoa shuka lililolifunika kochi, akapangusa vumbi jekundu la Mbeya lililopenya chini ya mlango, kisha akalifunika tena. Hakuna aliyekuwa amelikalia tangu linunuliwe. Hata baba yake, karani Asukile, alikaa kwenye kigoda akilitazama.

Rangi ile aliichagua Lusia mwenyewe. Mwezi uliopita, dukani kwa Kantilal, yalikuwapo makochi mawili ya kisasa yenye miguu myembamba, moja la kahawia na moja jeupe.

"Karani, chukua hili la kahawia," Kantilal alisema. "Mimi nauza yote, lakini vumbi la hapa nalijua. Shati langu jeupe navaa sikukuu tu."

"Jeupe, baba!" Lusia alidakia. "Akina Marta hawana kochi la rangi yoyote."

Baba alicheka, akachukua jeupe.

Jumatatu moja bibi yake Lusia, mama mzazi wa baba, aliteremka kwenye lori kutoka Tukuyu akiwa na mkungu wa ndizi mbichi uliofungwa kwa kanga kichwani. Alikuja kukaa miezi miwili, kwa kuwa mama yake Lusia alikaribia kujifungua. Baba aliliondoa shuka kwa mikono yake.

"Karibu uketi, mama. Wewe ndiye utakayelizindua."

Bibi aliketi ukingoni tu, kama mtu anayeogopa kuvunja mayai. Kisha baba akarudi ofisini.

Alasiri bibi alimpa Lusia kisu amenye ndizi. "Paka mafuta mikononi kwanza, mjukuu wangu. Utomvu huu leo huuoni. Kesho unakuwa kahawia, na sabuni haiutoi."

"Ndiyo, bibi," alijibu Lusia, lakini hakupaka. Chupa ya mafuta ilikuwa ndani, naye aliona uvivu kuinuka.

Bibi alipokwenda bombani, Marta, rafiki yake wa darasani, alichungulia uani.

"Ati mna kochi lisilokaliwa? Hilo si kochi, ni picha!"

"Nani kasema halikaliwi? Njoo uone!"

Mama alikuwa amelala chumbani. Lusia alivuta shuka, akajitupa juu ya kochi, akajikandamiza kwa mikono yote miwili na kurukaruka. Marta naye akajaribu. Walipoinuka, Lusia alikagua kitambaa. Kilikuwa cheupe pe. Akakifunika, akarudi kwenye ndizi zake.

Asubuhi alipoliondoa shuka, moyo ulimlipuka. Katikati ya kochi palikuwa na doa pana la kahawia, na kwenye ukingo wa mbele vijidoa vinne vidogo.

"Utomvu!" Baba alikuwa amesimama nyuma yake. Bibi naye akatokea mlangoni, baba akamgeukia. "Mama, ulikaa na ile kanga uliyofungia mkungu?" Hakungoja jibu. "Basi, kosa ni langu. Ningekupa kigoda."

Bibi aliinama. Alipitisha kidole juu ya vile vijidoa vinne, akamtazama Lusia mara moja tu.

"Nitakaa jikoni, mwanangu," alisema.

Lusia aliificha mikono yake nyuma, akaenda shule bila kunywa uji. Huko Marta alimpokea kwa kelele: "Jamani, kochi la kwao linadundisha kama mpira!" Wenzake wakacheka. Lusia alitamani ardhi immeze.

Aliporudi, alimkuta bibi jikoni juu ya mkeka akifunga mzigo wake. Mama alikuwa akimsihi huku ameshika tumbo.

"Lori la Tukuyu linaondoka kesho," bibi alisema. "Majirani watakusaidia, mwanangu. Mimi nachafua nyumba."

Mama alitoka akifuta machozi. Lusia alichuchumaa kando ya bibi.

"Bibi, unajua kwamba..."

"Najua nini?" Bibi alikaza fundo. "Vidole vyako navijua. Lakini mdomo ni wako."

Lusia aliinuka. Akaenda sebuleni, alikokuwa baba yake aliyerudi kutoka ofisini.

"Baba, si bibi. Ni mimi." Alinyoosha mikono aliyokuwa akiificha siku nzima. Viganja vilikuwa vimeingia rangi ya kahawia.

Baba aliushika mkono mmoja, akauweka ukingoni mwa kochi. Vidole vinne vilienea sawasawa kwenye vijidoa vinne. Lusia alifumba macho akingoja fimbo. Badala yake alisikia viatu vya baba vikielekea jikoni. Alipofungua macho na kumfuata, alimkuta amepiga magoti kwenye mkeka.

"Nisamehe, mama. Nimekuaibisha kwa ajili ya kitambaa."

"Fungua basi huu mzigo," bibi alisema. "Mimi mgongo unaniuma."

Lusia alisugua doa hadi vidole vikachubuka. Lilififia, lakini halikutoka. Mama alitaka kuliziba kwa kitambaa cha kufuma, baba akakataa. "Libaki wazi. Na hilo shuka liondoke."

Jumapili alikuja mchungaji Filemoni. "Loo, kochi zuri! Limepatwa na nini?"

Uso wa Lusia uliwaka moto. "Ni mimi, mchungaji. Nililishika nikiwa na utomvu, nikamwachia bibi aibu yangu."

Baba alimwekea mkono begani. "Kuchafua kochi kulikuwa kosa dogo, Lusia. Ningekukemea, yakaisha. Kosa kubwa ni kunyamaza siku nzima huku bibi yako akila jikoni. Na mimi nilikosa kwa kumhukumu kabla ya kuuliza. Tangu leo, ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."

"Nimesikia, baba."

"Haya, sogea," bibi alisema, akijiweka katikati ya kochi, juu ya doa lenyewe. "Leo na mimi nataka kuegemea."