Mita ya Chumba cha Kati

Kilichoanza ni harufu. Maziwa yakifurika chunguni yakaungulia majivuni, harufu yake kila mwanamke wa Shelui anaijua, na Dorkas aliisikia asubuhi katika chumba cha kati, chumba kisicho na mpangaji, jiko wala njiti ya kiberiti. Mlikuwa na mita ya umeme ukutani na buibui wake, basi. Dorkas alinusa, akasonya, akafunga mlango. Alikuwa na ugomvi mkubwa kuliko harufu.

Miaka ile, muda mfupi baada ya Operesheni Vijiji, umeme wa Shelui ulitoka kwenye mashine ya kinu cha mafuta. Jua likizama mashine inaanza kukohoa, nyumba chache za barabarani zinapata taa. Watu wakienda kulala inazimwa. Mchana hakuna umeme, hata ulie. Nyumba ya Dorkas ilikuwa mojawapo ya hizo, na ndiyo pekee iliyomtenga yeye mjane na kibanda cha uani kwa shemeji yake, mtu aliyemchukia tangu siku ya harusi. Bila taa mpangaji hakai. Bila mpangaji, ni kwa shemeji.

Sasa Melkizedeki, msoma mita wa kinu, alikuwa hasomi. Kila mwezi anasimama mlangoni pa chumba cha kati, anachungulia, anaandika makadirio.

"Umeona nini ukiwa hapo? Jicho lako ni darubini?"

"Shikamoo, mama. Nimekadiria."

"Kadiria mshahara wako! Mita ile pale, ina namba. Ingia usome."

Melkizedeki akashusha sauti. "Mama, pokea tu makadirio. Ni madogo kuliko kweli yenyewe."

"Ahaa, unanihurumia! Nilikuomba huruma lini?"

Akaenda kinuni, akamsema mbele ya meneja na wakamuaji wote, mpaka meneja, ili apate kupumua, akatoa amri: nyumba ya Dorkas isikadiriwe tena, isomwe. Dorkas alirudi nyumbani kifua mbele kama diwani.

Kesho yake Melkizedeki akaja, jua limeshakuwa kali, mashine ya kinu imelala kimya. Mlangoni pa chumba cha kati alivua kofia, akasema polepole, "Hodi, wenyewe."

"Wenyewe gani? Mwenyewe si mimi hapa?"

Melkizedeki alifungua kisanduku, na Dorkas aliyekuwa nyuma yake na maneno tayari mdomoni akaona kile kisahani cha chuma ndani ya kioo kinazunguka, umeme haupo mji mzima nacho kinazunguka, mbio, kwa mlio mzito wa jiwe la kusagia ulezi, namba zinapanda huku wanazitazama, na ile harufu ya maziwa ikatoka ukutani na joto lake, joto la kumpiga mtu aliyeinamia moto, na pamoja nalo pumzi, si ya Melkizedeki wala ya kwake, pumzi ya mtu anayepuliza kuni mbichi, fuu, fuu, karibu kabisa na shingo yake.

Mwalimu Yeremia, mpangaji wa mwisho aliyebaki, alihama jioni ileile. "Mama, sayansi naifundisha," alisema huku akikunja godoro, "lakini kulala nayo, hapana."

Dorkas akamleta mganga Alute. Mzee huyo aliingia chumbani, akagusa sakafu kwa kiganja, akakiondoa upesi.

"Hapa palikuwa jiko la nani?"

Dorkas akatazama pembeni. "La Anastazia."

Bibi Anastazia ndiye aliyekuwa na mji wake pale kabla lori la Operesheni halijaja kumpeleka kijiji kipya. Kwa desturi ya watu wake, mama akihama huzima moto kwa mkono wake, kwa maji ya mtungi wake, akayapindua mafiga, akawaaga wale wasioonekana wanaoota moto pamoja naye. Aliomba nafasi hiyo. Lakini kaka yake Dorkas alikuwa kwenye kamati ya kugawa viwanja, kiwanja kimeshagawiwa, mafundi wanangoja. Dorkas akamwambia, "Panda lori, bibi, moto utajizima." Mafundi wakamwaga msingi juu ya makaa.

"Jini umemjengea nyumba," alisema Alute. "Anamngoja mwenye jiko. Mimi simwezi. Aliyeuwasha moto ndiye auzime."

Dorkas akaenda kijiji kipya. Alimkuta Anastazia mlangoni pa kibanda chake anapeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na lori?"

"Kwa miguu, bibi. Nakuomba, twende ukazime moto wako."

"Moto si hujizima? Ni wewe uliyenifundisha."

Dorkas akapiga magoti vumbini. Bibi kizee akaendelea kupeta.

"Hivyohivyo ndivyo nilivyopiga mimi," alisema. "Wewe ulikuwa unatazama matofali yako. Inuka, unanizibia mwanga."

Melkizedeki alipokuja tena kusoma, alimkuta Dorkas kizingitini na furushi.

"Kadiria, mwanangu. Kadiria kama zamani."

"Sina ruhusa, mama. Ulishinda."

"Basi kata waya!"

"Nimeukata kabla sijapiga hodi. Tazama."

Waya ulikuwa unaning'inia kwenye nguzo, umekufa, na nyuma ya mgongo wa Dorkas, ndani ya nyumba isiyo na mtu, jiwe lilikuwa linasaga, taratibu sasa, kwa raha, na chini ya mlango wa chumba cha kati ulipita mwanga mwekundu uliopanuka na kusinyaa na kupanuka, kama kuna mtu anayeuchochea, na mara mwiko ukagonga ukingo wa chungu, ko, ko, kama wagongavyo wanawake ugali ukiwa umeiva na watu wa nyumbani wanaitwa.

Melkizedeki alifungua daftari lake. "Sasa hii niandike kwa jina la nani?"

"Muulize mwenye nyumba," alisema Dorkas, akajitwika furushi lake. "Yuko ndani, anapakua."