Salamu Zilizofika Zahanati Zote

Likizo ya Agosti haikumpa Ndanu nafasi ya kulala hadi jua limchome miguu. Kila kulipopambazuka, shangazi yake Pauline alikuwa tayari mlangoni, sweta mwilini na mkoba begani, akiuliza kama kuna mtu yeyote humu nyumbani anayetaka kuandamana naye. Ndanu alikurupuka, akanawa uso, akapiga mswaki, kisha wawili hao wakateremka mjini Machakos kwa miguu, baridi ikiwauma masikio. Wakati huo babake alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye machimbo ya mawe ya Lukenya. Mamake, Kasiva, alikuwa muuguzi wa zahanati ya Ekalakala na alirudi nyumbani mwishoni mwa juma tu. Badala ya kumwacha msichana wa miaka kumi na miwili peke yake mchana kutwa, shangazi aliamua kwenda naye kazini.

Ndanu aliipenda ofisi ile kupita kiasi. Alipanguza meza, akachemsha chai ya maziwa, halafu akajikunja kwenye kona yake na kitabu. Lakini macho yake hayakukaa kitabuni. Yalikuwa kwenye tarakilishi ya shangazi.

Shirika lililomwajiri shangazi lilikuwa na zahanati tano, mojawapo Katangi na nyingine Ekalakala. Kila zahanati ilikuwa na tarakilishi zake, na kila tarakilishi ilikuwa na kivinjari, ile programu inayofungua kurasa za mtandaoni. Vivinjari hivyo vyote vilisimamiwa kutoka kwenye meza moja, nayo ni meza ya shangazi Pauline.

"Zamani nilikuwa naenda mpaka Katangi kwa sababu ya kubadilisha kitu kidogo kama punje," shangazi alimweleza siku moja, akijisifu kidogo. "Siku hizi nabofya hapa, na kule kunabadilika. Ukurasa gani ufunguke, gani ufungwe, toleo jipya liingie lini, yote yanatoka hapa."

Kwa tarakilishi za zahanati, shangazi alikuwa ameamuru ufunguke ukurasa mmoja peke yake, ule wa kuandikishia wagonjwa na kuweka kumbukumbu za dawa zao. Hapakuwa na nafasi ya kuandika anwani nyingine. Karani aliyependa video za vichekesho alilazimika kusubiri afike kwake.

Shangazi alikuwa na msaidizi, kijana aliyeitwa Kyalo, na huyo ndiye aliyemjibu Ndanu maswali yake yote, hata yale ya kuchosha. Kyalo alijua kazi, ila mzaha ulikuwa umemkaa kwenye damu. Mwezi uliotangulia aliweka picha ya mbuzi aliyevaa miwani kama ukurasa wa kwanza katika tarakilishi zote za ofisi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, isipokuwa mkurugenzi, Bwana Munyao.

"Kyalo, bado uko kwenye majaribio," Bwana Munyao alimwambia. "Mzaha mwingine kama huu, utaenda kuufanyia nyumbani kwenu."

Tangu hapo Kyalo alitulia. Mwisho wa mwezi huu ndipo angeajiriwa rasmi, na alikuwa ameshamwambia kila mtu, hata mama anayewauzia mandazi.

Jumatano moja ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama. Ndanu alikuwa amejiandaa mapema. Katika chama cha tarakilishi shuleni walikuwa wamefundishwa kutengeneza ukurasa wa mtandaoni, naye akatengeneza wake. Alichora maua mekundu pembeni na kuandika katikati: "Mama yangu, heri ya kuzaliwa. Nyumba haina raha ukiwa mbali. Nakupenda kuliko chapati. Mtoto wako." Kwa mtu aliyezijua chapati za bibi yake Ndanu, hayo hayakuwa maneno madogo.

Shida ilikuwa jinsi ya kuufikisha ukurasa huo. Simu ya mama ilikaa kwenye mkoba hadi jioni, kwa sababu hakupenda kuishika mbele ya wagonjwa. Lakini kila asubuhi mama alikaa mbele ya tarakilishi. Itakuwaje akiiwasha na kukutana na maua? Ndanu aliwaza hivyo, na tabasamu likamjaa usoni.

Asubuhi hiyo shangazi aliitwa kwenye mkutano wa Bwana Munyao, akatoka mbio na kuiacha tarakilishi yake wazi. Kyalo alikuwa chumba cha pili akihangaika na mashine ya kuchapisha iliyotafuna karatasi. Ndanu alitazama mlango, akatazama kiti. Kufumba na kufumbua alikuwa amekikalia.

Alikuwa ameona shangazi akifanya hivyo mara nyingi. Upande wa kushoto palikuwa na maneno "Vituo Vyote", na chini yake majina ya zahanati tano, Ekalakala likiwa la mwisho. Aliliona jina hilo, moyo ukamruka kwa furaha, akakimbilia pale panapoandikwa ukurasa wa kwanza, akabandika anwani ya ukurasa wake na kuhifadhi. Katika haraka hiyo hakukumbuka kulibofya jina la Ekalakala. Alikuwa bado juu, kwenye "Vituo Vyote". Alirudi kwenye kona yake, akafungua kitabu na kukisoma juu chini.

Haukupita muda simu ya mezani ikalia. Kyalo alikuja mbio kuipokea.

"Maua?" alisema. "Maua gani? Jaribu kuizima uwashe tena... Bado?"

Hajaweka simu chini vizuri, ya mkononi ikaita. Hiyo ilitoka Katangi. Wagonjwa walikuwa wamejaa hadi nje, akina mama na watoto migongoni, na karani hakuweza kumwandikisha mtu wala kuona nani alipewa dawa gani juzi. Alichokiona kwenye kioo ni maua mekundu na habari za chapati. Muda si muda, zahanati zote tano zilikuwa zimepiga. Ndanu aliyasikia yote kutoka kwenye kona yake. Alikuwa amemtumia mama salamu, na sasa watoto wagonjwa walikuwa wanalia juani kwa sababu ya salamu hizo.

Shangazi na Bwana Munyao waliingia kwa kishindo. Bwana Munyao hakuketi.

"Tumeingiliwa na wezi wa mtandao?" aliuliza.

Shangazi aliinama mbele ya tarakilishi yake, akatazama, uso ukamshuka. "Hapana, bosi. Badiliko limetoka hapa hapa. Kwa hii kompyuta yangu, nikiwa kwa mkutano na wewe."

"Na ni nani alibaki huku?"

Mtoto kwenye kona hakuna aliyemhesabu. Bwana Munyao aligeuka polepole akamkazia Kyalo macho.

"Jana mbuzi, leo maua," alisema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ilitisha kuliko kelele. "Watu ni wagonjwa, kijana! Nilikuonya. Chukua vitu vyako."

Kyalo alifungua mdomo, na papo hapo macho yake yakaenda kwenye kona. Alimwona Ndanu, kitabu chake juu chini na midomo ikimtetemeka. Kyalo alielewa yote. Ndanu aliona kwamba ameelewa. Kisha kijana yule, ambaye kwa kawaida hakuweza kunyamaza hata akitafuna, alifunga mdomo wake na kutazama sakafu.

Ndanu angekaa kimya, lingepita. Shangazi asingejua, mama asingejua. Ila Kyalo angerudi kwao bila kazi, baada ya kumwambia hata mama wa mandazi kwamba ataajiriwa, na angerudi akiwa amemfichia yeye. Wazo hilo lilimuuma kuliko woga wa Bwana Munyao. Alipiga moyo konde, akasimama.

"Si Kyalo," alisema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Si Kyalo, ni mimi. Nilitaka mama aone peke yake, huko Ekalakala. Leo ni siku yake ya kuzaliwa."

Machozi yalimtoka Ndanu, lakini hakukaa chini.

"Ndanu!" shangazi alisema. Kisha akajikaza. "Tutaongea. Kwanza wagonjwa."

Alivuta kiti, Kyalo akasimama nyuma yake, na wakaanza kurekebisha. Kyalo alimwita Ndanu kwa kidole. "Kuja uone. Hapa ndipo ulikosea. Hapa juu ni kama tuta la kwanza kule shambani, mlimani. Ukifungulia maji hapo, yanashuka kwa matuta yote ya chini. Ulitaka kumwagilia Ekalakala tu, lakini ulikuwa umesimama juu."

"Hata angesimama Ekalakala, bado lingekuwa kosa," shangazi alimkata. "Huko pia kuna wagonjwa."

Shangazi aliurudisha ukurasa wa wagonjwa, akauhifadhi, kisha akamgeukia mkurugenzi. "Bosi, mtoto amekosa, na mimi nimekosa. Niliiacha kompyuta wazi nikaondoka. Kama kuna mtu wa kuandikiwa barua ya onyo, ni mimi. Kuanzia leo naifunga kila nikiinuka. Na badiliko lolote tutalijaribu kwa kompyuta moja hapa ofisini kabla ya kulituma nje, mmoja akifanya, mwingine akitazama."

Bwana Munyao alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hulikwepa.

"Kyalo," alisema, "nimekukosea. Nilikuhukumu kabla ya kuuliza. Niwie radhi."

"Imeisha, bosi," Kyalo alijibu, akijaribu kutotabasamu na kushindwa.

"Na wewe, binti," Bwana Munyao aliendelea, "waliosumbuka ni watu wa zahanati. Shika simu. Piga kwa kila moja, waambie wewe ni nani na umefanya nini, uombe msamaha, na uwaulize kama ukurasa wao umerudi."

Hiyo ndiyo adhabu iliyokuwa ngumu kuliko kiboko. Ndanu alipiga simu ya kwanza. Karani alimkaripia hadi simu ikapata joto. Wa pili alimshukuru kwa kusema ukweli, akamkaripia vilevile. Kule Katangi, karani alimwambia kwamba walikuwa wameandika wagonjwa kwenye karatasi, na kwamba nyanya mmoja aliomba asomewe yale maneno mara mbili, akidhani yametoka kwa mwanawe aliye Nairobi. Ndanu hakujua acheke au alie. Moja baada ya nyingine, walizima na kuwasha, na ukurasa wa wagonjwa ukafunguka.

Ekalakala aliiacha mwisho. Simu ilipopokelewa, sauti ilikuwa ya mama mwenyewe.

"Mama, ni Ndanu. Yale maua..."

"Nilijua," mama alisema. "Ni mtoto gani mwingine anayepima mapenzi kwa chapati?"

Ndanu alimweleza yote, hata habari za Kyalo. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Mwiitu wakwa," alisema hatimaye, yaani "binti yangu" kwa Kikamba, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. "Kulikuwa na mtoto hapa mwenye homa kali. Dawa fulani humdhuru, na habari hizo ziko kwa kompyuta. Bahati nzuri mamake alikumbuka, na sasa anaendelea vizuri. Lakini nilitetemeka. Unanielewa?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa sikiza. Kunipenda si kosa. Kosa ni kufanya kwa siri kitu kinachogusa watu wengi. Ungemuuliza anti yako, angekuambia, 'Ngoja, hapo umekosea.' Ukijificha hakuna wa kukurekebisha, hata nia yako ikiwa nzuri namna gani. Uliza kwanza. Na ukishakosa, fanya vile umefanya leo, usimwache mwingine abebe mzigo wako. Hapo umenifurahisha kuliko maua."

Ndanu alipangusa pua kwa mkono.

"Halafu," mama aliongeza, "hayo maneno niliyasoma na foleni ya wagonjwa ikinipigia kelele. Sikuyafurahia. Hebu niambie sasa, nikusikie."

Ndanu aliinua macho. Shangazi alikuwa pale, mikono kiunoni. Kyalo alikuwa pale na Bwana Munyao pia, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuondoka. Aliona haya hadi masikio yakamwasha. Kisha akavuta pumzi, na mbele yao wote akamwambia mamake kwa sauti ya kusikika, tangu heri ya kuzaliwa hadi chapati, bila kuruka hata neno moja.