Wa Kuuliza "Upo?"

Jamani, haya ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, mwenye kisa anihukumu apendavyo.

Mdomoni mwa pango letu palikuwa na utulivu mzuri. Fundi wa kuchomelea alikuwa akishuka kwa kamba kuyatazama mawe yanayoning'inia mle ndani. Mkewe, fundi cherehani, alikaa juu akishika kamba, na kila mara aliita, "Upo?" Sauti ikapanda kutoka gizani: "Nipo." Ndivyo tulivyozoea. Hakuna aliyeshuka bila mtu wa kumuuliza.

Kisha fundi akatamani vidato vya chuma, vipigiliwe kwenye mwamba kuanzia juu mpaka chini. Tukakutana ukumbini kubishana.

"Hata bibi yangu mwenye magoti mabovu ataliona pango," alisema.

"Bibi yako hajaomba kuliona," mkewe akajibu. Watu wakacheka.

"Unaogopa kukosa kazi ya kushika kamba, mama?"

"Kamba ina mtu upande wa pili. Chuma kina nani?"

Mzee mmoja akauliza kuhusu kuutoboa mwamba uliojijenga tone kwa tone. Fundi akasema jiwe halisikii maumivu. Tukapiga kura. Mimi niliinua mikono yote miwili, mmoja kila upande, nisigombane na mtu. Vidato vikashinda.

Akatoboa. Matundu yakaanza kutoa maji, kutu ikachuruzika ukutani mistari myekundu, na ukiweka sikio kwenye kidato cha juu, unasikia chuma kikiguna. Nyumbani nako kukapoa. Mkewe akimuuliza anakwenda wapi, humjibu, "Mimi mtoto?" Mwishowe mama wa watu akaacha kuuliza.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku moja fundi alishuka peke yake, hakumuaga mtu. Kidato kikang'oka na kipande cha mwamba. Chakula kikapoa mezani, mkewe akadhani amenuna. Jua lilipoanza kuinama, akachukua kamba, akaenda pangoni.

"Upo?"

"Nipo."

Akateremsha kamba. Hakuna aliyeishika. Tuliposhuka na taa tulimkuta fundi chini, mwili umeshapoa zamani. Basi nani aliyejibu?

FUNZO

Ndugu zangu, usimdharau anayekuuliza kama upo. Chuma hushika mguu tu, hakijui kama umechelewa. Na mwamba uliojitengeneza wenyewe tuuache ulivyo; asiyeweza kushuka asimuliwe na aliyeshuka.

Nilikuwa nimefika hapo, nikisimulia kibarazani, mara nikaona macho ya watu yamehama usoni pangu.

"Mzee, safari hii umenizika wapi?"

Nikageuka. Fundi alikuwa nyuma yangu, anachechemea, mkewe pembeni na kamba begani.

"Nilivunjika mguu," akawaambia watu. "Mama huyu akanivuta. Basi."

"Mwenye kisa anihukumu apendavyo," mkewe akanikumbusha. "Tumesikia wote. Leo anashuka kung'oa vidato vyake, na mimi nina gauni la mteja. Kamba utashika wewe."

"Shemeji, mgongo wangu..."

"Mgongo uliokaa kusimulia asubuhi nzima?"

Nikalipa adhabu yangu. Nikaketi mdomoni mwa pango, kamba kiunoni, watu nyuma yangu wakinicheka. Kutu ilikuwa imefika mbali kuliko nilivyosimulia. Chuma kiliguna kweli, nami nilidhani nimelitunga lile. Nikidhani fundi ameshashuka, na ili nisionekane mwoga, nikainama nikaita kwa sauti kubwa, "Upo?"

"Nipo," ikajibu kutoka chini.

Nikalegeza kamba kidogo, nimpe nafasi. Kisha nikasikia mtu akikohoa kando yangu. Alikuwa fundi, bado amechuchumaa akifunga kamba za viatu. Mikono yake ilikuwa imesimama.

"Mzee," akaninong'oneza, "mwite mke wangu. Mwambie aje yeye ashike."