Kinyume cha Mwendo wa Jua

Asubuhi hiyo ilikuwa tulivu. Mwalimu Aguer, Mdinka aliyesomea Urusi ujanani, alikuwa akiwafundisha vijana wa Kakuma wanaotafuta ufadhili wa kusoma huko. Mjukuu wangu Namuria alikuwa mmoja wao. Wiki hiyo alitakiwa Lodwar kwa usaili. Mimi, niliyejua kusoma baada ya kuota mvi, niliketi nyuma nikisikiliza.

Walifikia neno adimu la Kiingereza, "widdershins". Aguer alieleza kwamba maana yake ni kwenda kinyume cha mwendo wa jua, na pia kwenda kwa mkosi. Warusi, alisema, husema "protivosolon", na wazee wao hawakupenda mtu atembee hivyo. Vijana hawakuelewa. Basi akawatoa nje, akawaongoza kulizunguka kinyume hivyo hivyo rundo la mawe lililokuwa karibu.

Nilimfuata nikamnong'oneza kwamba chini ya mawe yale amelala mtu wa ukoo wangu.

"Mzee Epuyo," akasema kwa upole, "umeokoka, na bado unaogopa mawe?"

Vijana wakacheka. Nikaona haya, nikarudi nyuma.

Walipomaliza, jua lilikuwa bado mashariki, na vivuli vyao vyote vilielekea magharibi. Isipokuwa kimoja. Namuria peke yake alikuwa wa damu ya marehemu. Kivuli chake kilielekea juani.

Kufikia jioni, akina mama walikuwa wakiwavuta watoto wao wasipite karibu na Namuria. Namuria akajifungia ndani, akajifunika shuka, akasema haendi Lodwar kutazamwa.

Asubuhi iliyofuata Aguer alikuja, kichwa kimeinama. Alisema Warusi wana neno jingine, "posolon", yaani kuufuata mwendo wa jua. Mtu azunguke hivyo, amwombe radhi aliyelala. Kisha akanitazama. Marehemu alikuwa wangu. Lakini kanisa letu linatazamana na mawe yale, na mimi ni mzee wa kanisa. Nikainamisha macho.

"Basi nitakwenda mimi," akanong'ona. "Ni mimi niliyewaongoza."

Alikwenda na tumbaku ya kumtolea marehemu mkononi. Nilichungulia dirishani. Alizunguka. Akapiga magoti. Akazunguka tena. Nyuma yake mchanga ulikuwa ukibonyea, hatua kwa hatua. Hapakuwa na mtu.

Namuria akatoka nje. Kivuli chake kilikuwa kimerudi mahali pake. Nikamkimbilia Aguer.

"Usitazame chini, mzee."

Nikatazama. Chake kilielekea juani.

Namuria alipata ufadhili. Aguer aliondoka Kakuma bila kuaga, na hakuna ajuaye aliko. Mjukuu wangu hupiga simu kutoka Urusi akimuulizia mwalimu wake. Mimi humwambia yu mzima.

Lakini kila asubuhi, jua linapoupiga ukuta wa nyumba yangu, hapo hutokea kivuli cha mtu aliyepiga magoti, na mbele ya ukuta hakuna mtu. Nimeupaka chokaa, hakifutiki. Waumini wakipita kwenda ibadani, mimi huegemea pale pale, nikijifanya naota jua.